Vyombo vya Msiba Kwenye Mlango wa Nyuma

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja, na kwa miaka minne Yudith alikuwa ameitia saini kila mwaka bila kusita. Safari hii aliirudisha mezani kwa Daktari Zabron ikiwa tupu kama alivyopewa.

"Sitii saini," alisema.

Daktari Zabron, mkuu wa idara ya kemia, alikuwa mtu mpole aliyependa mambo yaishe kabla hayajaanza. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. "Ni fomu tu, Yudith. Mitihani ya vitendo inaanza Jumatatu. Bila fomu hii maabara haifunguliwi, na maabara isipofunguliwa vijana themanini na mmoja hawana mtihani."

"Soma namba sita, Daktari."

Hakuwa na haja ya kuisoma. Namba sita iliuliza kama njia ya dharura ya jengo iko wazi, na Yudith, fundi sanifu wa maabara na mtu pekee aliyekabidhiwa usalama wa jengo lile, alikuwa akijibu "Ndiyo" kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Ulikuwa uongo mtupu. Aliujua yeye, aliujua Daktari, na aliujua kila mfanyakazi wa chuo aliyewahi kufiwa.

Maabara iko ghorofani. Ngazi ya mbele inashuka hadi ukumbini, na ngazi ya nyuma inashuka hadi kwenye chumba kidogo chenye mlango wa chuma unaofungukia nje. Aliyechora ramani alikusudia watu wakimbilie huko siku ya moto. Lakini chama cha kufa na kuzikana cha wafanyakazi kilikosa pa kuweka vyombo vyake, kikakiona kile chumba, kikakipenda. Masufuria ya pilau yakaingia, yakafuata mabirika, viti vya plastiki, turubai na mikeka. Mwisho likaingia jeneza la chama, lile la kubebea maiti, la mbao, lenye mikono minne. Mlango wa chuma ukatiwa kufuli kwa nje wezi wasije wakabeba masufuria, na ufunguo akakaa nao mwenyekiti, Mzee Talal.

Kwa nini chuoni na si nyumbani kwa mwanachama? Kwa sababu ya jeneza. Watu wa kwetu watakupa kitanda chao walale chini, lakini jeneza tupu hawalilazi kwao hata usiku mmoja. Wanaamini kuwa jeneza lisilo na maiti likikaa nyumbani huita kifo. Masufuria nayo hayatengani na jeneza, maana siku ya msiba vyote vinatakiwa pamoja. Chuo hakina mwenyewe, basi vikaenda chuoni.

Wiki tatu nyuma, spiriti ilimwagika kwenye meza iliyo karibu na mlango wa mbele wa maabara, ikashika moto. Yudith aliuzima kwa blanketi, hata dakika mbili hazikutimia. Lakini katika dakika hizo mbili vijana arobaini walikimbilia ngazi ya nyuma kama walivyofundishwa, na aliyewafundisha ni Yudith mwenyewe. Wa mbele walipofika chini walikuta masufuria, wakageuka. Wa nyuma walikuwa bado wanashuka. Msichana mmoja, Malak, alianguka katikati akakanyagwa, mkono ukavunjika mahali pawili. Yudith alipomfikia, Malak hakuwa analia. Alikuwa anauliza, "Madam, si ulisema tupite huku?"

Swali hilo lilimwingia Yudith na halikutoka tena. Angeweza kuvumilia kelele za wazazi na barua za ofisini. Hilo hakuliweza.

"Ongea na Mzee Talal," alisema Daktari Zabron kwa sauti ya mtu anayejua kuwa hakuna cha kuongea. Baba mkwe wake alizikwa na chama kile mwaka juzi, hema tatu, watu wakala siku tatu. Daktari asingethubutu kumwambia Mzee Talal hata asogeze kiti.

Yudith alikwenda kuongea. Kikao cha chama kilikuwa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, kwenye bwalo la wafanyakazi. Mzee Talal alikaa mbele na kofia yake nyeupe ya kufuma, mtoto wa watu wenye mashamba ya minazi tangu enzi za babu zao, mstaafu wa bohari ambaye wakuu wa chuo bado walisimama kwa heshima akipita. Hakuwa mtu mbaya. Wala si uongo kusema kuwa chama kile kilisimama kwa mgongo wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Sema, tunakusikiliza."

Yudith alisema. Alieleza ngazi, mlango, kufuli, mkono wa Malak. Mzee Talal alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

"Vyombo hivi vimewazika wazazi wa hawa wote unaowaona," alisema. "Wa kanisani na wa msikitini, hatukubagua. Moto umetokea mara moja, ukauzima kwa blanketi, nakupa hongera. Kifo kinatokea kila wiki, mwanangu. Hicho utakizima kwa blanketi gani?"

Watu walicheka. Yudith mwenyewe aliona kuwa neno limekaa vizuri, na hilo likamzidishia hasira.

"Basi vyombo vihamie kwako, mzee. Ua wako unameza nyumba mbili."

Kicheko kikakatika. "Jeneza?" Mzee Talal alishika kifua. "Lije kwangu, nina mke na wajukuu? Astaghfirullah! Unaniombea nini, binti?"

"Hulitaki kwako kwa sababu linaita. Pale penye watoto wa watu themanini na mmoja, haliiti?"

Bwalo lililipuka. Mmoja alisema huyu hana adabu, wa pili akasema kumbe wa bara ni wa bara tu, hata umlishe pilau miaka kumi. Mzee Talal hakupiga kelele. Alisubiri wanyamaze, kisha akasema polepole, na kila neno akaliacha lifike.

"Atakayegusa chombo kimoja bila idhini ya kikao, amejitoa. Na aliyejitoa, siku yake ikifika, asitutazame."

Wote walimgeukia Yudith. Hawakutazama uso wake tu. Walikuwa wanamtazama na mama yake, aliyekuwa nyumbani, mtaa wa Usagara, miguu imevimba, moyo wake ukipiga kwa kusuasua, na hospitali ikiwa imeshawaambia maneno yale ya upole ambayo hospitali huyasema ikiwa haina tena la kufanya.

Hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Yudith hakuwa na ukoo Tanga. Baba yake alikuwa mkata mkonge aliyetoka bara, akafia kwenye shamba moja upande wa Mwera. Mwaka huohuo alikuwa ametoa ushahidi dhidi ya mnyapara aliyempiga mwanamke, na shamba zima likamsusa kwa kumwogopa mnyapara. Siku ya kumzika walikuja watu sita. Wanaume hawakutosha kushusha jeneza, ncha ya nne ya kamba akashika Yudith, mtoto wa miaka tisa, viganja vikachubuka. Tangu siku ile aliapa kuwa mama yake atazikwa na watu. Ndiyo sababu alipoajiriwa tu alikimbilia chama kabla hata hajapata chumba cha kupanga. Ndiyo sababu aliosha masufuria ya misiba ya watu asiowajua. Na tukiusema ukweli wote, ndiyo sababu aliandika "Ndiyo" mara nne.

Jioni ile alimweleza mama yake, akidhani ataambiwa anyamaze. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, anachambua mchicha.

"Kwa hiyo wakininunia mimi nikiwa nimekufa, mimi nitafanyaje?" aliuliza.

"Mama, si utani huu. Baba alizikwa na watu sita."

"Nawajua, niliwapikia. Na alioza vilevile kama waliozikwa na watu elfu." Akatupa bua la mchicha. "Lakini alizikwa kasema kweli. Yule mnyapara walimzika kwa ngoma na magari, na mpaka leo hakuna mtu anayemtaja kwa jina."

Mama yake alichambua kidogo, kisha sauti yake ikashuka.

"Usidhani sipendi watu. Nawapenda, Yudi. Ningefurahi wajae mpaka barabarani, waimbe, wagombanie nyama. Hilo nalitaka na sikufichi. Lakini nikiyataka hayo kwa mtoto wa mwanamke mwenzangu kuungua nyuma ya sufuria, nitakuwa mtu gani mimi?"

Yudith alilia kidogo, akaona aibu, akanyamaza. Akakata shauri. Liwalo na liwe.

Jumamosi asubuhi alifika chuoni na msumeno wa chuma. Alikuwa amewaomba wanafunzi wachache wa kumsaidia kubeba. Wakaja thelathini, Malak akiwa mbele mkono wake kwenye hogo jeupe la plasta lililojaa majina ya wenzake. Yudith hakumpa mtu msumeno. Alitaka kufuli lile alikate mwenyewe, na alilikata, jasho likimtoka hadi kwenye nyusi, kwa muda uliotosha Daktari Zabron kupata habari na kuja mbio.

"Yudith! Utafukuzwa kazi!"

"Nifukuze Jumatatu, Daktari. Leo nina kazi."

Kufuli lilianguka. Mlango wa chuma uliguna, ukafunguka mpaka mwisho, na mwanga wa saa tatu ukaingia mahali ambapo haukuwa umeingia kwa miaka. Vyombo vilipotoka vyote na sakafu kufagiliwa, Yudith aliwapandisha vijana wote maabara, akapiga filimbi, akatazama saa ya simu. Thelathini walishuka na kutoka nje, hakuna aliyemkanyaga mwenzake, hata dakika haikuisha. Wakarudia mara tatu. Mara ya mwisho Malak alishuka wa kwanza. Akasimama uani, akageuka kuutazama mlango.

Yudith alichukua fomu, akaiegemeza ukutani, akaandika "Ndiyo" kwenye namba sita, akampa Daktari Zabron. Daktari aliipokea kwa vidole viwili. "Na hivi vyombo?" aliuliza. Gari la chuo alikataa kulitoa, alisema halimo katika hili.

"Vinakwenda kwa mwenyekiti wake. Si mbali, tutavibeba."

Basi wakagawana. Masufuria yakapanda vichwani, viti vikafungwa mafungu, turubai wakaliburuta wanne. Ikabaki mikeka na jeneza. Yudith, Mlutheri asiyejua desturi za jeneza la Waislamu, aliona njia ya kupunguza safari. Akaikunja mikeka, akaifunga kamba, akailaza ndani ya jeneza. Mazin, kijana wa Mkwaja mwenye heshima zake, akasema jeneza haliendi wazi, akatoa kitambaa cha kijani cha kufunikia jeneza kilichokuwa pamoja na vyombo, akalifunika. Wenzake walipotaka kulibeba mikononi kama meza akawakemea.

"Jeneza linabebwa begani. Mnataka laana?"

Kila mmoja alitenda lililo sawa kwa upande wake. Yakijumlishwa, yalitoka mengine kabisa.

Hawakuwa wamefika mbali na geti Yudith alipomwona dereva wa bodaboda amezima pikipiki na kuvua kofia. Muuza machungwa akasimama. Wanaume wawili waliokuwa wanacheza bao waliacha kete zao, wakaja kwa mwendo wa haraka, wakapokezana mikono ya mbele na vijana bila kuuliza neno, kama desturi ilivyo. Jeneza likipita mbele ya mwanamume wa Tanga na ana bega zima, halimpiti hivihivi. Ni thawabu.

Yudith alimkimbilia mmoja wao, mpakia magunia mwenye shingo nene na vumbi la unga nywele nzima. "Kaka, samahani. Humo hamna maiti!"

Yule mtu alimtazama kwa huruma nyingi. "Pole, dada yangu. Mwanzo inakuwa hivyohivyo, mtu haamini. Mungu atakutia nguvu."

"Ni mikeka!"

"Jikaze, dada," alisema, akashika vizuri.

Mazin alikuja ametoa macho. "Madam, wameanza tahlili. Nimewaambia si mazishi, wananiambia niwe na subira, marehemu kapumzika." Nyuma yao sauti zilikuwa zimeshapanda, nzito na za pamoja, la ilaha illa llah, na duka moja moja lilikuwa linashusha milango nusu kwa heshima. Walipofika kona ya mwisho wanaume walikuwa wengi kuliko wanafunzi. Yudith alijaribu tena mara mbili kusema, akapewa pole mara mbili. Mara ya tatu alifunga mdomo. Alitembea nyuma ya sufuria kubwa, kichwa juu, na ndani yake palikuwa na woga na kicheko na kitu kingine alichokuwa hajakisikia tangu Mwera, kabla shamba halijamsusa baba yake.

Mzee Talal alikuwa barazani na kikombe cha kahawa. Aliona umati ukiingia mtaani kwake. Akaona kitambaa cha kijani kinanyooka moja kwa moja kwenye lango lake. Kikombe kikamponyoka.

"Nani?" alisema. Hakuna aliyemsikia, akapaza sauti. "Nani, jamani? Wa kwangu nani?" Akageuka akaita jina la mke wake, na mke wake akaitika kutoka jikoni. Akaita wajukuu, wakatoka wote, wakamzunguka. Aliwahesabu kwa kidole mzee wa watu, na Yudith alimhurumia kwa dhati. Lakini hakurudi nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Kafa nani, Yudith?"

"Hajafa mtu. Ndiyo maana nimekuja leo."

Mazin alifunua kitambaa, na umati ukaiona mikeka. Mmoja akasema wamechezewa, mwingine akaanza kucheka akajizuia. Yudith alipanda ngazi moja ya baraza ili wamwone. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Niwieni radhi. Nilisema njiani, hamkunisikia. Vyombo hivi vilikuwa vimeziba mlango ambao watoto wenu wanatakiwa kukimbilia moto ukitokea. Miaka minne nilisaini karatasi kuwa umefunguliwa, nikijua umefungwa. Mimi, hapa. Malak, waoneshe mkono." Malak akauinua. "Huyu alinisikiliza mimi akavunjika. Mwenyekiti hataki jeneza kwake kwa kuogopa kifo. Nami silitaki kwa watoto kwa kuogopa hichohicho. Nimemletea. Likirudi pale, nitalileta tena."

Minong'ono ilipita. Mzee Talal alikuwa ameokota pumzi yake, na pamoja nayo hasira. Alishuka baraza, akasimama mbele ya Yudith, mbele ya mke na wajukuu na mtaa mzima.

"Umejitoa," alisema. "Kuanzia leo chama hakikujui. Mama yako yule mgonjwa, keshokutwa akifa, nani atambeba? Nijibu hapa mbele ya watu. Nani?"

Swali lenyewe ndilo hilo. Yudith alikuwa ameliogopa tangu ana miaka tisa, na sasa lilikuwa limesemwa hadharani. Akatazama viganja vyake.

"Mzee," alisema yule mpakia magunia. Alikuwa bado ameshika mkono wa jeneza begani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia atue. "Sisi tumebeba mikeka kutoka kule chuoni mpaka hapa. Nani katika sisi kauliza ni ya nani?"

Yule mtu akamgeukia Yudith.

"Mama yuko wapi, dada?"

"Yuko nyumbani. Ni mzima."

"Alhamdulillahi. Msalimie. Na siku yake ikifika, mpitishe barabara ileile." Akabadilisha bega, akakunja uso kwa maumivu. "Haya mzee, tuelekeze tulitue wapi. Zito hili."

Mzee Talal alitazama nyuso zile, moja baada ya nyingine. Kisha akasogea pembeni ya lango, wapite.